Klasi ya Cipher kwenye Java: usiandike "AES" peke yake

Kaka, unauliza kwa nini maneno yanayofanana yanatoka yamefichwa vilevile kila mara. Tatizo ni hiyo Cipher.getInstance("AES") kwenye kodi yako (AES ni njia ya kuficha data kwa ufunguo), ukiiacha hivyo Java ya kawaida inachukua ECB yenyewe (namna ya kuficha kila bloku peke yake), na kwa ECB bloku za baiti 16 zinazofanana zinatoka sawa, yani mtu anaona mpangilio wa data yako hata bila ufunguo. Weka "AES/GCM/NoPadding", yani AES kwa namna nyingine iitwayo GCM. Afu IV (baiti za nasibu za kuanzia) ya baiti 12 itoe kwa SecureRandom, klasi ya Java ya namba za nasibu, mpya kila unapofunga (kuficha) ujumbe, usiirudie kabisa na ufunguo uleule, kwa GCM hapo ndo ulinzi wote unavunjika! IV siyo siri, ibandike tu mbele ya data uliyofunga utaihitaji wakati wa kufungua. Na paswedi usiigeuze ufunguo kwa getBytes, ipitishe PBKDF2 kwanza (njia ya kutengeneza ufunguo kutoka kwa paswedi).