Re: Kwenye baridi kali hivyo, molekuli zinamenyukaje?

Ndugu yangu, umeuliza: kama baridi hupunguza kasi ya mimenyuko, mbona molekuli zilizo karibu na sifuri halisi (nyuzi -273 hivi za Selsiasi, baridi ya chini kabisa) bado zinamenyuka? Chukua molekuli za KRb, yaani atomu ya potasiamu (K) iliyoungana na ya rubidi (Rb), zilizotengenezwa katika taasisi ya utafiti ya JILA, Colorado, Marekani, mwaka 2008. Zikikutana mbili hubadilishana atomu, zinakuwa K2 na Rb2. Hazihitaji joto la kuanzia. Ila ni fermioni, yaani aina ya chembe ambazo mbili zilizo katika hali ileile haziwezi kukaa mahali pamoja, kwa hiyo zikifanana kabisa hukwepana. Mwaka 2010 watafiti wa JILA waligundua kuwa zikiwa katika hali mbili tofauti, hata kwa spini ya kiini tu (kama mzunguko mdogo wa kiini cha atomu), kasi ya mmenyuko hupanda mara 10 hadi 100! Mimi hilo ndilo hunishangaza zaidi. Ukiwasha uga wa umeme, zilizojipanga kichwa kwa mkia huvutana, za ubavu kwa ubavu husukumana. Ndiyo maana walizibana kwa leza kwenye matabaka membamba kama chapati, ili zikutane ubavu kwa ubavu, zikadumu zaidi.