Muulize Mjomba: Jina langu lipo kwenye cheti, naambiwaje sina haki na mtoto?

*Shikamoo Mjomba. Nina mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, mama yake hatukufunga ndoa, tulikaa tu pamoja mpaka mtoto alipofika miezi saba tukashindwana akaondoka nae. Hela natuma kila mwezi sijakosa hata mara moja na jina langu lipo kwenye cheti cha kuzaliwa. Juzi nimesikia anapanga kuhamia nchi nyingine na mtoto, nilipomuuliza akanijibu "wewe na huyu mtoto kisheria hamjuani." Mjomba kweli damu yangu mwenyewe naambiwa hatujuani? – Baba wa Mmoja*

Marahaba mpwa wangu. Kabla ya yote, mimi ni mjomba, yani nipo upande wa mama, kwa hiyo ukiona nakutetea ujue una haki kweli.

Mzazi mwenzio kakosea, ila sio kwa asilimia mia, na hapo ndo penye ishu. Watu wanachanganya vitu viwili. Kuna kutambulika kwamba wewe ndo baba, na kuna kuwa na usemi juu ya mtoto: asome wapi, atibiwe vipi, akae na nani, avushwe mpaka au asivushwe. Aliyeoa anapata vyote viwili siku mtoto anazaliwa, wala hajui kama ni vitu tofauti. Wewe ambaye hujaoa sehemu nyingi vinakuja kimoja kimoja na kila kimoja kina karatasi yake. Hicho cheti ulichonacho kinamaliza la kwanza. La pili inategemea uko nchi gani, na wakati mwingine mpaka tarehe.

Angalia England na Wales. Baba aliyeandikishwa kwenye cheti pamoja na mama kuanzia tarehe 1 Desemba 2003 anakuwa na mamlaka ya mzazi palepale, ila kama mtoto aliandikishwa wiki moja nyuma ya hapo, baba yuleyule, mapenzi yaleyale, cheti peke yake hakimpi kitu, mpaka waandikishane makubaliano na mama au aende mahakamani. Afrika Kusini sheria yao ya watoto ya 2005 inaangalia zaidi ulichofanya: ulikuwa unaishi na mama mtoto alipozaliwa, au ulikubali kuitwa baba na ukachangia malezi na matunzo? Kenya katiba ya 2010 Ibara ya 53 inasema wazi kwamba jukumu la mtoto ni la baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Halafu kuna majimbo ya Marekani ambako ukishasaini fomu ya kukiri ubaba pale hospitali unakuwa baba kamili wa kudaiwa matunzo, lakini mtoto kisheria anabaki mikononi mwa mama mpaka jaji aseme vingine. Kulipa tayari, kumuona subiri. Mimi hilo huwa linanikera sijui wewe.

Sasa hiyo safari, mpwa, ndo inayonifanya nikujibu wewe wa kwanza. Upo mkataba wa The Hague wa 1980 unaohusu watoto wanaovushwa mipaka kinyemela, nchi zilizojiunga zinamrudisha mtoto alikotoka, na ukifungua shauri kabla mwaka mmoja haujapita kurudishwa ndo kanuni, kukataa ni kwa sababu chache sana. Ila unamsaidia mtu ambaye tayari alikuwa na haki ya malezi siku mtoto anaondoka. Ukikimbilia amri ya mahakama wakati ndege imeshapaa umechelewa, na kama huko anakoenda hawajajiunga na mkataba ndo kabisa. Kwa hiyo wiki hii, sio mwisho wa mwezi, tafuta wakili au ofisi ya msaada wa kisheria, fungua maombi ya malezi na ya kumuona mtoto, na kwenye maombi hayohayo omba amri ya muda kwamba mtoto asitolewe nchini mpaka kesi isikilizwe. Hiyo ya muda jaji anaweza kuitoa haraka kuliko hukumu yenyewe, watu wengi hawajui kama ipo wanakaa kusubiri hukumu.

Na nenda na bahasha yako. Kopi ya cheti, kadi ya kliniki, picha, meseji za kuulizia homa ya mtoto, na ushahidi wa hela. Hapo kwenye hela nikwambie kitu. Niliwahi kukaa nyuma ya chumba cha mahakama nasikiliza shauri la kijana mmoja ambaye alikuwa anatuma kila mwezi kama wewe, tatizo kwenye ile sehemu ya maelezo alikuwa anaandika "ya soda". Miezi kumi na moja, ya soda, ya soda, ya soda. Wakili wa upande wa pili akazisoma zote kwa sauti, moja moja, anatulia, anasoma nyingine. Yule kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Wewe andika "matunzo ya mtoto, mwezi wa tatu" basi.

Kuhusu kuambiwa damu yako hamjuani, usione uko peke yako. Marekani kuna mzee mmoja, kesi yake inaitwa Stanley v. Illinois, aliishi na mama wa watoto wake kwa vipindi miaka 18 bila ndoa, mama alipofariki serikali ya jimbo ikachukua watoto kwa sababu tu hakuwa amemuoa mama yao, bila hata kumuuliza kama analea vizuri au vibaya. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi ikasema hapana, lazima asikilizwe kwanza. Ila akasikilizwe, sio apewe tu. Ndo na wewe unachoenda kuomba.

*Mjomba mambo. Nimezaa na mwanamke ambaye ni mke wa mtu, cheti cha mtoto kina jina la mumewe. Nimeagiza kipimo cha DNA mtandaoni, kimesema ni wangu kwa asilimia 99.99. Naanzia wapi kubadilisha cheti? – Mwenye Ushahidi*

Unaanzia kwenye msemo wa wazee: kitanda hakizai haramu. Ulidhani ni maneno ya barazani tu, kumbe sheria za nchi nyingi zinasema hivyohivyo, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa anahesabiwa ni wa mume mpaka ithibitishwe vingine, na anayeruhusiwa kuthibitisha sio kila mtu. Kuna sehemu una muda maalum wa kupinga ukipita umepita. California kulikuwa na jamaa kama wewe, vipimo vya damu vilimpa asilimia 98.07, mtoto alimlea kwa muda na alikuwa anamwita baba, mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani ikambakizia mume ubaba wake.

Kipimo chako cha mtandaoni kitupe kwenye droo. Sio kwamba kinadanganya, ila mahakama haijui ule ute ulitoka mdomoni kwa nani. Kile cha mahakama mnakaa mbele ya mhudumu, kitambulisho mezani, anapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu lako na la mtoto, anafunga bahasha mbele yenu na kila anayeipokea anasaini. Sindano hamna. Lakini jaji anaweza kukataa hata kuamuru kipimo akiona hakimsaidii mtoto, na mtoto kama ana miaka tisa na nyumba yenye amani, jiulize mwenyewe unamtaka mtoto au unataka kumuumbua mume wa mtu. Hasira sijui, naona tu barua yako haijataja hata jina lake wala umri.

*Mjomba, mpenzi wangu ana mimba ya miezi sita kapotea, simu hapokei. Nasikia ndugu zake wanataka mtoto akizaliwa apewe watu wamuasili. Nisubiri azaliwe?*

Usisubiri! Nchi au majimbo mengine yana daftari la kina baba ambao hawajaoa, unajiandikisha hata kabla mtoto hajazaliwa ili likija ombi la kuasili upewe taarifa. New York kuna baba hakujiandikisha, alikuwa ameshafungua shauri lake la ubaba mahakama nyingine lakini mtoto akaasiliwa bila yeye kuitwa, na mwaka 1983 Mahakama Kuu ikasema ni sawa tu, fomu ilikuwepo ungeijaza. Kama kwenu daftari halipo, wakili aandike barua ya kudai ubaba, ipelekwe ustawi wa jamii na kwa mama mwenyewe, na ubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa.

*Ananinyima kumuona mtoto na mimi nimekata hela. Nimekosea?*

Ndio. Matunzo na kumuona ni mashauri mawili, ukikata hela yeye ndo anakuwa na kesi. Rudisha hela kesho, lipa na ya nyuma, halafu kafungue ya kwako.