Majibu ya Kifaransa: Baada ya “si” msiniletee “aurais”

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia conditionnel passé, yaani umbo la kitenzi kwa mambo ambayo yangelitokea lakini hayakutokea. Naanza na swali lililoletwa na wengi.

Mwalimu, shikamoo. Niliandika “Si j'aurais eu l'argent, j'aurais acheté le bateau” nikakosa alama. Mbona Kiswahili tunasema “ningelikuwa na fedha, ningelinunua boti”? (Mikindani)

Marahaba. Ndivyo tunavyosema, na kosa limetokea hapohapo. Kiswahili kinataka -ngeli- pande zote mbili, kwenye sharti na kwenye matokeo. Kifaransa kinazitenganisha. Upande wenye “si”, yaani “kama”, unachukua plus-que-parfait, umbo la jambo lililotangulia jingine lililopita: avais eu, étais venu, avions vendu. Conditionnel passé inakaa upande wa matokeo peke yake. Kwa hiyo: Si j'avais eu l'argent, j'aurais acheté le bateau. Hata ukitanguliza matokeo, hali ni ileile: J'aurais acheté le bateau si j'avais eu l'argent. Watoto wa Ufaransa wenyewe hujikwaa hapa, ndiyo maana hukaririshwa shuleni kwamba “les si n'aiment pas les rais”, yaani “si” haipatani na vitenzi vinavyoishia -rais.

Iko “si” moja isiyofungwa na kanuni hiyo, ile ya swali linaloripotiwa. Il m'a demandé si j'aurais accepté: aliniuliza kama ningelikubali. Hapo hakuna sharti, kuna swali tu. Msije mkaitumia kama kisingizio.

Na hapa niseme jambo ambalo hukuniuliza. Barua nyingi ninazopokea zinachanganya -nge- na -ngeli- katika sentensi moja: “kama ningejua jana ningelikuja”. Wengine wameiacha kabisa -ngeli-, kila kitu kwao ni -nge-. Mtu wa namna hiyo anateseka bure akifika kwenye Kifaransa, maana Kifaransa hakiachi tofauti hiyo ipotee. Je viendrais ni ningekuja, mlango bado uko wazi. Je serais venu ni ningelikuja, siku imeshapita na sikuja. Nawasihi walimu wa Kiswahili na wa Kifaransa wanaofundisha shule moja wakae pamoja juu ya jambo hili, kwa sababu mwanafunzi ni huyohuyo na kosa ni hilohilo.

Naomba jedwali la vitenzi vyote katika conditionnel passé. (Kidato cha nne, Lindi mjini)

Sikupi, kwa sababu huhitaji. Shika kisaidizi avoir (kuwa na): aurais, aurais, aurait, aurions, auriez, auraient. Shika kisaidizi être (kuwa): serais, serais, serait, serions, seriez, seraient. Kisha ongeza participe passé, yaani umbo kama mangé au vendu, unayoijua tangu passé composé, wakati uliopita wa kawaida kama j'ai mangé, nilikula. Basi.

Nitajuaje kama kitenzi kinataka avoir au être? (Newala)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na linaletwa na watu wanaorukia sura ya mbele kabla ya kumaliza ya nyuma. Kinachotumika katika passé composé ndicho kinachotumika hapa, hakuna orodha mpya. Je suis allé, kwa hiyo je serais allé. J'ai mangé, kwa hiyo j'aurais mangé. Vitenzi vya kujirejea vyote ni être.

Penye ugumu wa kweli ni pale kitenzi kilekile kinapobadilisha kisaidizi kwa sababu kimepata yambwa, yaani kitu kinachotendewa. Uko ndani ya basi la kutoka Mtwara, ulitaka kushuka Mnazi Mmoja ukamate gari la Masasi, usingizi ukakupitia. Utasema: Je serais descendu à Mnazi Mmoja. Lakini kama unazungumzia magunia ambayo ungeliyateremsha, ni j'aurais descendu les sacs. Monter, sortir, rentrer, retourner na passer navyo vina tabia hiyo. Kabla hujaandika, jiulize: kuna kitu kilichoteremshwa, au ni mimi niliyeshuka?

Mwalimu, nimeandika hivi kuhusu korosho zetu: “Si nous avions bien séché les noix, nous les aurions vendu plus cher.” Kosa liko wapi? (Masasi)

Sentensi nzuri, na kichwa chake ni safi: avions séché upande wa sharti, aurions upande wa matokeo. Kosa ni herufi mbili. Andika vendues. Noix ni jina la kike, ziko nyingi, na kiwakilishi “les” kimetangulia mbele ya avoir. Yambwa ikitangulia, participe lazima ilingane nayo. Ikifuata nyuma, hailingani: nous aurions vendu les noix.

Kwenye être, participe inalingana na mtenda: elle serait partie, elles seraient parties. Ila kwa vitenzi vya kujirejea kuwa makini. Elle se serait lavée, angelijiosha mwenyewe, kuna e. Elle se serait lavé les mains, kilichooshwa ni mikono nayo imekuja nyuma, hakuna e.

Nikupongeze pia kwa kuandika juu ya kitu unachokijua. Wanaoniletea sentensi za theluji na treni za Paris hukosea zaidi, kwa kuwa wanabuni maneno na mambo kwa wakati mmoja. Wewe ukikutana na mfanyabiashara wa Côte d'Ivoire, nchi inayozalisha korosho nyingi kuliko sisi, utakuwa na la kuzungumza naye.

Aurai na aurais zina tofauti gani? (Nachingwea)

J'aurai fini: nitakuwa nimemaliza. J'aurais fini: ningelikuwa nimemaliza. Soma tena ulichoandika kabla ya kukabidhi.

Nina jamaa aliyesafiri kwenda Moroni. Nikasoma “Un boutre aurait chaviré au large de la Grande Comore”. Simu ikanitafsiria “jahazi lingepinduka”. Limepinduka au halikupinduka? (Shangani, Mtwara)

Pole sana kwa hofu. Jibu ni kwamba aliyeandika alikuwa hajui kwa hakika. Usitafute “si” iliyojificha, haipo. Waandishi wa habari wa Kifaransa hutumia conditionnel passé wanapobeba taarifa ya mtu mwingine ambayo hawajaithibitisha. Kiswahili chake ni “inadaiwa jahazi limepinduka” au “kwa taarifa ambazo hazijathibitishwa”. Wakishathibitisha, wataandika a chaviré. Tazama pia kama karibu yake kuna “selon” au “d'après”, yaani “kwa mujibu wa”, ndipo utajua nani amesema.

Hili nalichukulia kwa uzito kuliko mengine yote ya leo. Pwani yetu ina watu baharini kila wakati, na Komoro Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kiarabu na Kikomoro, kwa hiyo habari za upande ule mara nyingi zinatufikia kwa Kifaransa. Ukitafsiri “lingepinduka”, ndugu wanatulia wakidhani chombo kimesalimika. Ukitafsiri “limepinduka”, unapeleka msiba kwenye nyumba ya watu kabla haujathibitika. Mtu mmoja akiituma kwenye kundi la WhatsApp asubuhi, jioni watu wamekaa matanga. Kwanza piga simu bandarini au kwa wenye chombo.

Tahadhari hiyohiyo iwe kwa habari za watu. “Le ministre aurait reçu de l'argent” si “waziri alipokea fedha”. Ni “waziri anadaiwa kupokea fedha”. Ukiliondoa lile “anadaiwa” umeshamhukumu mtu, na taarifa za uongo mtandaoni zina sheria yake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Programu za simu zinakosea hapa mara kwa mara. Zitumieni kutafuta neno, sentensi someni wenyewe.

Mteja wangu Mkomoro ameniandikia “Tu aurais dû m'appeler”. Ananilaumu? (Mtwara bandarini)

Ndiyo, anakulaumu: ulipaswa kunipigia, hukunipigia. Mpigie leo. Ukitaka kukiri, sema j'aurais dû vous appeler. Usimrudishie yeye tu aurais dû, wala usimwambie hivyo mtu mzima au mgeni, kwani ni neno zito. Tu aurais pu, “ungeliweza”, nalo lina lawama ndani yake. Ukiwa na ombi la adabu, kuna j'aurais voulu: J'aurais voulu parler au capitaine. Huko si kujuta, ni kuomba kwa upole, kama sisi tunavyosema “nilikuwa naomba”.

Ninatembeza wageni Kilwa Kisiwani. Nawaambiaje Wafaransa kwamba sultani asingelisaini mkataba wa 1776, Morice, mfanyabiashara Mfaransa, asingelipata watumwa? (Kilwa Masoko)

Si le sultan n'avait pas signé le traité de 1776, Morice n'aurait pas obtenu la promesse de mille captifs par an. Ona pas ilivyokaa: ne na pas zinakibana kisaidizi, participe inabaki nje. N'aurait obtenu pas ni kosa. Ukitaka matokeo yanayofika hadi leo, weka conditionnel présent, ile ya -nge-, upande wa pili: Si le sultan n'avait pas signé, l'histoire de Kilwa serait différente.

Nimefurahi umeuliza, maana nimesikia waongozaji wanaoonyesha Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, kisha wanaruka karne ya 18 wakiogopa kuwaudhi wageni. Usiruke. Waambie kwamba Morice alikuwa Mfaransa aliyekuwa akipeleka watu kwenye mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi, kwamba mkataba ulitaja watu 1,000 kwa mwaka, na kila mmoja piastra 20, sarafu ya fedha ya enzi hizo. Wataje kama watu, captifs, kabla ya kutaja bei yao. Na hapo tumia passé composé, kwa sababu hayo hayakuwa ya kudhaniwa: Le sultan a signé.

“J'eusse parlé” ni nini? Nimeikuta kwenye kitabu cha zamani. (Lindi)

Ni umbo la pili la conditionnel passé, la kimaandishi, maana yake ni j'aurais parlé. Litambue ukilisoma, usiliandike kwenye mtihani.