Shangazi nilimwacha barazani

Swali lenu la wiki hii, "Ndugu yako akihitaji figo, ungempa yako?", limenigusa penye kidonda. Sisi tuliulizwa hivyo kweli, tumekaa kwa daktari watoto wanne wa mama mmoja, na mdogo wetu wa mwisho mbele yetu, miaka 31, ameshasafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima na zaidi. Aliyetoa ni dada yetu mkubwa. Mimi nina presha, hata kwenye vipimo vya mwanzo sikuvuka. Kwa hiyo la kutoa siliwezi, na mtoaji naona amekwisha kusifiwa vya kutosha. Nitajibu ambalo hamkuuliza: figo ikishapandikizwa, nani anabaki na mgonjwa?

Wakati wa kuchangishana kundi letu la WhatsApp lilikuwa halilali. Siku ya tatu baada ya upasuaji mtu akaandika "Mungu mkubwa, tumeshinda", zikafuata amina nyingi, kisha kimya. Zamani, kabla hospitali ya Muhimbili haijaanza kupandikiza figo Novemba 2017 na ile ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kufuata mwaka 2018, mgonjwa alipelekwa India, na kidonda kilipona hukohuko. Siku hizi anaruhusiwa, anapanda gari, na jioni yuko kwako Tabata. Wodi imehamia sebuleni.

Nikaacha duka, nikanunua daftari. Kila asubuhi uzito, joto, presha, maji aliyokunywa, mkojo aliotoa kwa kipimo cha jagi. Dawa saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, bila kupitisha, maana zile za kuzuia mwili usiikatae figo hutakiwa zikae kwenye damu kwa kiwango kilekile. Siku ya kupima kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo, hamezi mpaka damu itolewe kwanza. Balungi marufuku, huipandisha dawa hiyo kwenye damu. Dawa za mizizi marufuku. Joto likifika 38, hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Na kwa kuwa dawa hizohizo hulegeza kinga ya mwili, tena miezi ya mwanzo zaidi, nikaweka sheria yangu: miezi mitatu hakuna mgeni. Nilianza kuandika jibu hili nikiwa na neno hilo moja la kuwaambia wenzangu: wazuieni watu mlangoni, muonekane wabaya, mgonjwa wenu apone.

Wiki ya saba akaja shangazi kutoka Lushoto. Hakupiga simu. Alipanda basi alfajiri na kapu la mapichi na peasi, na chupa ya dawa ya mizizi aliyoifunga kwenye kanga ili isimwagike. Nilipofungua geti alikuwa anakohoa.

Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimesimama katikati ya mlango. Akaitikia marahaba, akanyanyua kapu apite. Sikusogea. Nikamwambia, "Shangazi, huwezi kuingia." Huyu ndiye aliyetulea baba alipofariki, aliyeuza ng'ombe ili mdogo wangu aende kujifunza ushonaji. Hakubishana. Alilitua kapu chini, akaketi kwenye ukingo wa baraza, akasema, "Basi nitamsikia hapahapa." Jirani alikuwa anafua, akatuangalia wote wawili, akainama kwenye beseni lake. Aibu ile sijawahi kuiona.

Nikampa barakoa, nikamtandikia mkeka chini ya dirisha la chumba cha mgonjwa. Ile chupa niliichukua nikaiweka juu ya kabati la jikoni. Mapichi nikayaosha na kuyamenya. Mdogo wangu akasogeza kiti upande wa ndani. Kati yao kukawa na nondo na wavu wa mbu.

Walizungumza mchana kutwa. Mimi nilikuwa napita na sahani nasikia vipande. Shangazi alitaka kujua ile figo mbovu wameitupa wapi. Akaelezwa kwamba hawakuitupa, mbili za zamani zipo palepale mgongoni, ya dada imewekwa huku mbele, chini ya tumbo upande wa kulia. "Baba, kwa hiyo unatembea na tatu?" Nikasikia mdogo wangu anacheka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kicheko chake sikukisikia tangu tutoke wodini. Akamuuliza habari za mahindi, za kesi ya shamba, za mbuzi. Alimaliza sahani ya ndizi ambayo kwa siku kadhaa nilikuwa nairudisha jikoni imepoa. Saa tatu usiku nikaingia na vidonge na maji, nikasimama mpaka akameza, nikaandika kwenye daftari. Shangazi akaenda kulala kwa jirani.

Asubuhi nilimkuta bombani ananawa. Akanivuta kando, akashusha sauti. "Mama, nataka uniahidi hutamgombeza. Mdogo wako hamezi dawa za usiku. Anaziweka shavuni, ukitoka anazitoa. Siku ya nane leo."

Vilikuwa chini ya godoro, kwenye mfuko wa pipi.

Sababu alimwambia shangazi, hakuniambia mimi. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Ni fundi cherehani, na siku moja nikiwa sokoni alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, ikashindikana mpaka akalia. Uso pia ulikuwa umevimba kwa prednisoloni, dawa nyingine ya kulinda figo, akijitazama kwenye kioo hajijui. Alijiona amepewa figo akanyang'anywa kazi. Mimi mtetemeko ule nilikuwa nauona kila siku akishika glasi. Nilikuwa naandika mkojo.

Tulikwenda kliniki asubuhi ileile. Kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huuchuja, ilikuwa imepanda, figo imeanza kukataliwa. Alilazwa, akatundikiwa dripu ya dawa siku tatu mfululizo, na kwa rehema ya Mungu ikashuka. Daktari hakumkaripia. Alimweleza kwamba takrolimasi ndiyo inayoleta mtetemeko, kwamba dozi hupunguzwa polepole miezi ikisogea, lakini anayeipunguza ni daktari kwa kipimo cha damu. Maneno hayo angeyapata mapema kama angekuwa na mtu wa kumuuliza asiyeshika daftari.

Sasa nimejisoma hapo juu na ule msimamo wangu haunishiki tena. Bado nasema anayekohoa asiingie chumbani, na shangazi mwenyewe ukimuuliza leo atakwambia nilifanya sawa. Sitaki mtu asome hapa akaenda kufungua milango. Barakoa ivaliwe, mikono ioshwe kwa sabuni, mwenye mafua abaki nje, matunda yaoshwe na kumenywa. Chupa za mizizi nazikataa hadi kesho. Ila mgonjwa anahitaji mtu mmoja asiyemhesabia. Mimi nilimpa ulinzi, nikadhani ndio huo upendo wote. Kama shangazi angenipigia simu kwanza, ningemwambia asije, na sijui leo ningekuwa naandika habari gani.

Kwa hiyo anayebaki na mgonjwa asiwe mmoja. Hilo ndilo jibu langu, ingawa najua kuna nyumba ambayo mtu ni mmoja tu na hana wa kumpokea, na mwenzangu huyo sina la kumwambia zaidi ya kwamba aweke kiti karibu na dirisha.

Mdogo wangu amerudi kwenye cherehani, nusu siku. Sindano anatungiwa na mwanafunzi wake.

Na lile nililosema mwanzoni, kwamba mtoaji amesifiwa vya kutosha, naomba mniruhusu nilifute. Dada yetu alirudi kazini baada ya miezi miwili. Tulimpigia makofi siku ya upasuaji, baada ya hapo kila simu iliyompata ilikuwa ya kuuliza hali ya mdogo wetu. Daftari langu limejaa mpaka jalada, na hakuna ukurasa wake hata mmoja. Mwenye figo moja hutakiwa kupimwa presha, damu na mkojo kila mwaka. Nilimpigia jana kumuuliza alikwenda lini mara ya mwisho, akanyamaza kidogo, akasema hajaenda. Jumatatu nampitia saa moja asubuhi, twende wote.