Mboga ya Usiku: Maswali Yenu Kuhusu Kupika na Kilichopo Ndani

Mwezi huu maswali yamekuja mengi, mengine nimeyaunganisha maana mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: hela imekata, korosho zimeenda mnadani lakini malipo bado, watoto wanataka kula, ndani kuna hiki na kile, sasa napika nini. Twende moja kwa moja.

*Anti habari za kazi. Niko Chikongola hapa Mtwara, nina watoto watano na mama mkwe anakaa kwetu. Mume wangu anaendesha bodaboda, jioni ananiachia elfu tatu, siku ikiwa mbaya elfu mbili. Hela yote inaishia kwenye mboga na bado haitoshi. Ndani nina makopa (muhogo mkavu) nimeletewa kutoka kijijini, mbaazi kavu kama kisado, na nazi huwa sikosi. Nifanyeje?* (Mama Watano)

Mama Watano pole, lakini mdogo wangu wewe huna shida ya chakula, una shida ya saa kumi na moja jioni. Hiyo saa ndo inakula hela zako. Unafika gengeni umechoka, watoto wanalia njaa, unachukua mafuta ya kupima, nyanya fungu, kitunguu, pilipili hoho ya nini sijui, kale kaunga ka viungo ka kwenye paketi, dagaa fungu moja halafu unaona halitoshi unaongeza la pili, na mkaa kopo, kila kimoja ni hela ndogo ila ukifika nyumbani ile elfu tatu haipo. Na mbaazi zako zimekaa palepale kwenye kisado kwa sababu saa kumi na moja mtu hawezi kuanza kuchemsha mbaazi kavu, zitaiva saa nne usiku.

Kwa hiyo mbaazi zianze jana. Kabla hujalala loweka vikombe vitatu, kwa watu nane vinatosha kabisa, weka maji mengi maana zinavimba. Asubuhi mwaga yale maji, na ukishaepua chai usiache ule mkaa ufe bure, bandika mbaazi hapohapo na ufunike sufuria vizuri. Zilizolowekwa usiku kucha hazisumbui, mkaa wa chai ukiongezea kidogo unazifikisha pazuri. Magadi wengine wanatia, sikatazi, ila yawe chembe tu maana yakizidi mboga inakuwa na ladha ya sabuni. Mchana ukipata nafasi zichemshe tena mara moja, kwa joto hili letu usiache sufuria ya mbaazi imekaa tu tangu asubuhi mpaka jioni.

Jioni sasa kazi inabaki nazi. Kuna nazi moja, kamua tui la kwanza lile zito uweke pembeni, chicha usitupe, irudishie maji ya uvuguvugu ukamue la pili na hata la tatu. Tui jepesi ndo la kupikia: mimina kwenye mbaazi na kitunguu kimoja ulichokatakata, chumvi, pilipili nzima usiipasue kwa ajili ya watoto, acha zichemke mpaka zianze kupondeka zenyewe na mchuzi uwe mzito. Tui la kwanza linaingia mwisho kabisa, unakoroga taratibu bila kuacha, likitokota mara moja epua, ukizubaa linakatika. Umeona hapo mafuta ya kupima hayajaingia? Nazi yenyewe ni mafuta. Mtu anayekaanga kitunguu kwenye mafuta halafu anamwagia nazi juu analipa mara mbili, na mbaazi za nazi wala hazihitaji. Nyanya nayo si lazima, ukiwa na embe bichi au ukwaju au mbilimbi mbili za kwa jirani unapata ule uchachu bila kutoa hela.

Makopa yako twanga au peleka mashineni, na ukiwa na sembe changanya nusu kwa nusu, ugali haunati sana na watoto wanaomeza kwa shida wanaukubali. (Ila soma kwanza swali la bi mkubwa wa Newala hapo chini, usiruke.) Ile hela ya jioni nunua kitu kimoja tu, matembele au dagaa, siyo vyote.

*Anti mume wangu anasema mbaazi si mboga, mboga ni samaki. Nikipika mbaazi anasusa anaenda kula kwa mama ntilie. Nisaidie.* (Wa Shangani)

Hao tunao wengi. Usibishane nae, chukua ng'onda mmoja, hata nusu, mloweke maji ya moto chumvi itoke, mwage maji, mchambue miiba yote, mvunjevunje vipande vidogo umtie kwenye mbaazi pamoja na tui jepesi. Samaki mmoja mkavu ananukia mtaa mzima. Hapo samaki kawa kiungo, nyumba nzima mnakula, na baba akiinua mkono wake anakuta kipande cha samaki karibu kila tonge, atasema nini. Siku mkitaka samaki mbichi kweli, uliza vichwa, watu wanavidharau wakati mchuzi wa kichwa wa chukuchuku na ndimu unashinda minofu.

Na mkumbushe mwaka 2017. India walipobana kuingiza mbaazi, bei huku Kusini ikaporomoka, watu wakabaki na magunia ndani hayana mnunuzi. Nyumba ngapi zilikula mbaazi mwaka ule na hakuna aliyesusa.

*Mwanangu, mie ni mtu mzima niko huku Newala. Makopa ya mwaka huu ugali wake mchungu, na juzi wajukuu walikula wakalalamika kichwa na tumbo, mmoja akatapika. Wengine wanasema ni uchawi. Naomba unieleze.* (Bibi wa wajukuu)

Shikamoo bibi. Hapo hakuna mtu wala jini, ni muhogo mchungu haujatengenezwa vizuri. Muhogo wa aina hiyo una sumu yake ya asili, na makopa yaliyomenywa yakaanikwa juani moja kwa moja bila kulowekwa yanabaki na sumu nyingi, hasa mwaka mvua ikiwa haba maana muhogo uliopata kiu unazidisha. Ugali kuwa mchungu ndo dalili yenyewe. Mtoto akitapika na kulegea baada ya kula muhogo mpelekeni zahanati wakati huohuo, msisubiri kuche. Na kuna kubwa zaidi, mtu akila muhogo mchungu kila siku kwa wiki na wiki bila mboga ya maana miguu inaweza kupooza ghafla na isirudi tena, ugonjwa unaitwa konzo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwahi kutokea humu humu mkoani Mtwara. Kwa hiyo naomba nisichekeshe hapa.

Muhogo ambao haujaanikwa, menya na uloweke siku tatu mpaka ulainike ndo uanike, wazee wetu walivundika kwa sababu. Unga ambao tayari umeshasagwa usiutupe bibi, kuna njia rahisi. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, tia alama kwa ndani unga ulipofikia. Ongeza maji huku unachanganya, unga utapanda kwanza halafu utashuka, ukirudi kwenye ile alama acha kuongeza. Utandaze huo unga uliolowa kwenye mkeka au ungo, mwembamba, usizidi sentimita moja, ukae juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa muda wa saa tano. Sumu inaondoka na hewa. Baada ya hapo songa ugali siku hiyohiyo, usiuweke kesho. Uchungu nao mtaona umepungua.

Kisamvu hivyohivyo, kitwangwe mpaka kilainike kabisa na kichemke muda mrefu sufuria ikiwa wazi ndo utie nazi, kisamvu cha haraka hakipo. Na wajukuu wapate mbaazi au kunde au dagaa pamoja na huo ugali kila mara, siyo ugali na mlenda mtupu, protini inausaidia mwili kuitoa hiyo sumu.

*Sista mambo, mi ni bachela nimepanga Chuno na mdogo wangu, tuna mtungi mdogo wa gesi. Mjomba katuletea korosho vipande kama kilo, tumezitafuna mpaka tumechoka. Zinapikika?* (Mpangaji)

Poa mdogo wangu. Kijana wa Mtwara unauliza korosho zinapikika? Haya, twende.

Korosho mbichi, zilizobanguliwa ila hazijakaangwa, konzi mbili zinawatosha nyie wawili. Loweka maji ya moto wakati unaoga, zitwange kwenye kinu kidogo au uombe blenda ya jirani, ongeza maji kidogokidogo mpaka upate uji mweupe laini. Hilo ndo tui lako, huna haja ya kukuna wala kuchuja. Chemsha majani ya kunde, matembele, mchicha, chochote ulichonacho, na kitunguu na chumvi, yakiiva mimina tui la korosho, punguza moto uwe mdogo na usiondoke hapo kwenda kuangalia simu. Nazi ukizubaa inakatika, korosho inafanya kinyume, inakuwa nzito ghafla na inashika chini, dakika tano zinatosha. Ikizidi kuwa nzito ongeza maji. Mchuzi wa dagaa vilevile, dagaa wakaange wakavu bila mafuta mpaka wanukie ndo uwatie.

Sema mjomba akileta zenye maganda msijaribu kubangua wenyewe kwa mikono mitupu, yale mafuta ya ganda yanababua ngozi vibaya, muulize mama yeyote anayebangua akuonyeshe vidole vyake.

Na kuhusu gesi mlivyouliza mwishoni kwa nini ni ghali wakati gesi ni yetu: ya kwenye mtungi siyo ile inayochimbwa Mnazi Bay hapa Mtwara, ile inapita kwenye bomba kwenda Dar tangu 2015 na kazi yake kubwa ni umeme, ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje. Inauma lakini ndo hivyo. Kwa hiyo mtungi wako utumie kwa vitu vya haraka kama hiyo mboga ya korosho, na choroko ambazo hata bila kulowekwa zinaiva mapema kuliko mbaazi. Maharage na makande tafuta mkaa.

*Anti, wali wa nazi ukibaki usiku mi huwa naacha kwenye sufuria, asubuhi napasha watoto wanaenda nao shule. Mama mwenye nyumba ananisema. Nani yuko sahihi?* (Mtanda, Lindi)

Mama mwenye nyumba. Wali ukikaa kwenye joto usiku kucha kuna vijidudu vinaota na vinaacha sumu ambayo kupasha moto hakuitoi, na ukiwa na nazi unachacha mapema zaidi, we mwenyewe unausikia harufu ukifunua. Kama huna friji pika wa kutosha tu, au siku unayojua utabakiza upike wali mweupe, ule wa kubaki uutoe kwenye sufuria mapema, uutandaze kwenye sinia upoe haraka, umpelekee jirani mwenye friji na kipande cha samaki juu ili asikunyime kesho. Ukionekana unateleza au unavutika usionje hata kijiko, wape kuku.

Ugali hauharibiki haraka kama wali wa nazi. Kiporo cha ugali wa jana kilichofunikwa vizuri, kama hakijabadilika harufu, kikate vipande uvichome kwenye mkaa wa chai mpaka viwe na ganda, watoto wa kwangu wanagombania vile vya pembeni.