Kabla hujafuta tepu, waulize mashahidi watatu

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa Agosti, saa mbili kasoro usiku, Kurasini, Dar es Salaam. Ofisini tulibaki wawili tu: mimi kwenye chumba cha seva na mlinzi getini. Bakapu ya mwisho wa mwezi ilikuwa imesimama ikisubiri tepu yenye nafasi. Nje malori ya bandarini yalikuwa yameziba barabara yote, na nilikuwa nimeahidi kufika nyumbani mapema. Nikaandika amri tatu, ya kupakia tepu ya sloti (nafasi) ya 11 kwenye draivu, ya kuirudisha mwanzo, na ya kuifuta kwa kuweka alama ya mwisho mwanzoni mwake:

mtx -f /dev/sg3 load 11 0
mt -f /dev/nst0 rewind
mt -f /dev/nst0 weof

Ile ya tatu ilimaliza kazi yake ndani ya sekunde chache. Haiulizi kama una uhakika. Nikaipa tepu lebo mpya kwa jina nililochapa kwa mkono, bakapu ikaendelea, nikazima taa nikaondoka.

Katalogi, yaani kumbukumbu ya programu ya bakapu, ilikuwa inasema sloti ya 11 ina DSM009L6, tepu ya zamani ambayo muda wake ulikwisha. Iliyoingia kwenye draivu ilikuwa DSM014L6, bakapu kamili ya Juni. Siku mbili kabla, fundi wa umeme aliingia kupitisha waya nyuma ya kabati, akachomoa trei ya tepu ili apate nafasi, na aliporudisha zile zilizotoka hakufuata mpangilio. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Nimekaa na jambo hili miaka kadhaa, na nimeona vijana wengi wanaoanza kazi ya bakapu wakienda njia ileile. Ndiyo maana naandika. Sisi tulikuwa tunatumia programu ya bakapu iitwayo Bacula na maktaba ndogo, yaani mashine yenye roboti inayobadilisha tepu, ya sloti 24 na draivu moja ya LTO-6 (kizazi cha sita cha tepu za LTO), lakini nitakayosema yanakuhusu hata kama programu yako ni nyingine.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nihangaike na tepu wakati huu. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, aliyekuwa na bakapu yake ng'ambo peke yake alibaki kusubiri. Tepu iliyo kabatini haisubiri waya. Tena virusi wanaofunga mafaili na kudai fidia hawaifikii tepu ambayo haipo kwenye mashine. Hata Gmail, ilipopoteza barua za sehemu ndogo ya watumiaji wake Februari 2011, ilizirudisha kutoka kwenye tepu.

Sasa turudi kwenye mashahidi.

Kwenye mfumo wa tepu kuna watatu wanaoweza kukuambia tepu gani iko wapi. Wa kwanza ni roboti ya maktaba. Yeye anasoma stika ya barkodi iliyobandikwa nje, basi. Unamuuliza hivi:

mtx -f /dev/sg3 status

Atakujibu sloti moja moja, na mwishoni mwa kila mstari kuna VolumeTag. Usiku ule kama ningeuliza, mbele ya sloti ya 11 ningeona VolumeTag=DSM014L6. Herufi nane tu, nusu dakika ya kusoma.

Wa pili ni tepu yenyewe. Bacula huandika jina la tepu mwanzoni kabisa mwa mkanda, kabla ya data yoyote. Stika inaweza kubanduka, au ikabandikwa na mtu kwenye tepu isiyo yake, lakini jina la ndani halihami. Ndani ya bconsole, dirisha la amri la Bacula, kwanza toa unmount, maana bacula-sd, sehemu ya Bacula inayoendesha draivu, ikiwa imeishika, amri nyingine zinazogusa draivu zitagoma zikikwambia kifaa kina shughuli. Kisha:

bls -j -V DSM009L6 /dev/nst0

Hiyo inafungua tepu kwa jina unaloamini ni lake na kukuorodheshea kazi zilizomo. Kama jina silo, haikubali.

Wa tatu ni katalogi, yaani hifadhidata ya PostgreSQL au MySQL inayokumbuka kila faili liliandikwa kwenye tepu gani. Ukiandika list media inakujibu papo hapo, jedwali limepangika, na huyu ndiye anayeaminiwa kuliko wote. Mimi namwona ndiye wa kutiliwa shaka zaidi. Katalogi haioni kitu. Inakumbuka tu alichoambiwa mara ya mwisho, na asipoambiwa kwamba tepu zimehamishwa atakujibu ya juzi kwa uhakika uleule.

Kwa hiyo kila maktaba inapofunguliwa, hata kwa dakika moja, hata na wewe mwenyewe, amri ya kwanza baada ya kufunga mlango ni:

update slots

Hapo Bacula inamuuliza roboti barkodi zote na kusahihisha katalogi. Ukiwa na shaka na stika zenyewe, andika update slots scan. Hiyo inapakia tepu moja baada ya nyingine na kusoma jina la ndani. Ni ya polepole, lakini ianzishe jioni, kesho asubuhi mashahidi wote watatu wanasema kitu kimoja.

Na weof? Iache kabisa. Ile nilikuwa nimetoka nayo kwenye enzi za kuandika bakapu kwa mkono kwa amri ya tar. Bacula inapotaka kutumia tena tepu iliyokwisha muda, inasoma lebo kwanza, na ikikuta jina silo inalolitarajia inakataa kuandika. Mimi niliuondoa ulinzi huo kwa mikono yangu. Hata lebo, ningetumia label barcodes badala ya kuchapa jina, ningesimamishwa: ingeniambia DSM014L6 tayari ina rekodi kwenye katalogi. Jina nililobuni mwenyewe ndilo lililoficha kosa.

Mtu anaweza kudhani kwamba data ya nyuma ilikuwa bado ipo, kwa kuwa weof inaandika alama moja tu mwanzoni. Kwenye mkanda ipo kweli. Lakini baada ya alama ile draivu ya LTO inahesabu kuwa data imeishia hapo, na haikubali kusogea mbele zaidi. Amri za kawaida hazikufikishi. Na kwangu hata hilo halikusaidia, kwa sababu bakapu ya Agosti ilikwenda juu yake usiku uleule.

Oktoba mhasibu wetu alinijia mezani. "Kaka, naomba unirudishie ile folda ya Juni, hesabu za wateja zimeandikwa juu yake." Nikamwambia dada yangu, nipe nusu saa. Nikafungua bconsole, katalogi ikanielekeza DSM014L6, nikaipakia, draivu ikasoma jina jingine. Nilirudia mara mbili nikidhani ni draivu chafu. Nusu saa ilipokwisha nilipanda juu nikamweleza ukweli wote, mbele ya meneja. Yeye na vijana wake wawili walifungua maboksi ya karatasi na kuzijenga upya hesabu zile, stakabadhi moja baada ya nyingine, kwa wiki tatu. Jioni nilikuwa nakaa nao nikiwasomea namba. Tangu hapo siandiki amri inayofuta kitu bila kuandika kwanza inayouliza.

Kuna swali jingine ambalo mashahidi hao hawalijibu: kichwa cha draivu kiko wapi kwenye mkanda? Kwenye Linux draivu moja ina majina mawili. /dev/st0 hurudisha mkanda mwanzo kila amri inapomalizika. /dev/nst0 huuacha pale ulipofika. Herufi moja. Ukiandika tar tatu mfululizo kwenye st0, ya pili inaandika juu ya ya kwanza na ya tatu juu ya ya pili, na zote zitakuonyesha zimefanikiwa. Nimewahi kuitwa kwenye ofisi moja huko Mikocheni ambako skripti ilikuwa imefanya hivyo kwa miezi, na kwenye kila tepu kulikuwa na folda ya mwisho tu. Tumia nst0 siku zote, na kabla ya kuandika uliza mt -f /dev/nst0 status uone namba ya faili. Ikiwa sifuri na BOT imejitokeza, uko mwanzo wa mkanda. Jiulize kama ndipo ulipotaka kuwa.

Hata ile sg3 usiizoee. Seva ikiwashwa upya, namba za sg zinaweza kubadilika. Tazama kwa lsscsi -g, na kwenye faili la mipangilio weka majina ya kudumu yaliyo ndani ya /dev/tape/by-id.

Kuhusu mtandao, nitasema machache. LTO-6 inataka kulishwa hadi megabaiti 160 kwa sekunde, na mtandao wa gigabiti moja hata ukiwa peke yake haufiki hapo. Mafaili madogo madogo ya ofisi ndiyo kabisa. Draivu hupunguza mwendo kiasi, lakini ikikosa data zaidi ya hapo inasimama, inarudi nyuma kidogo, inaanza tena, na ukiwa chumbani utaisikia ikihangaika hivyo usiku kucha. Inachosha mkanda na kichwa. Washa spooling ili data ikusanyike kwanza kwenye diski ya SSD ya seva ya bakapu, kisha iteremke kwenye tepu kwa mkupuo. Na kama unafanya kazi ukiwa nyumbani kwa SSH (kuingia kwenye seva kwa mbali), kazi ndefu za kusoma tepu moja kwa moja kama bscan au bextract zianzishie ndani ya tmux, inayoziacha ziendelee hata ukikatika. Kazi uliyoituma kwa run inaendelea hata ukikatika, kwa sababu inaendeshwa na Director, msimamizi wa kazi zote za Bacula, lakini hizo nyingine bila tmux zinakufa na dirisha lako.

Ijumaa kabla ya kuondoka andika status storage. Ukiona inasubiri tepu, inaweza kusubiri hadi Jumatatu.

Joto na unyevu wa Dar navyo vina sehemu yake. Chumba cha seva kina kiyoyozi, nje ni jasho. Tepu ya baridi ukiitoa ghafla inashika umande kama chupa ya soda. Isafirishe ndani ya kasha lake lililofungwa, usiiache kwenye dashibodi ya gari, na ikifika inakokwenda iache ipumzike siku nzima kabla ya kuiingiza kwenye draivu. Ikidondoka, fungua kimlango chake pembeni uone kama ile pini ya chuma ya mwanzo wa mkanda imekaa sawa. Ikiwa imepinda au imelegea usiiingize, maana inaweza kuharibu na draivu.

Seti moja tulikuwa tunaipeleka Morogoro, kwenye ofisi ya tawi, ili mafuriko ya masika au moto usitukute na kila kitu sehemu moja. Kifurushi kinachopita mikononi mwa watu lazima kiwe kimefungwa kwa usimbaji. Draivu za LTO zina uwezo huo ndani yake tangu kizazi cha nne. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na tepu iliyojaa taarifa za wateja ikipotea njiani ikiwa wazi ni jambo zito. Ufunguo wake usisafiri na tepu, na usikae kwenye seva hiyohiyo unayoihifadhi. Wetu ulikuwa kwenye bahasha mbili, moja kwa meneja na nyingine benki.

Halafu kuna siku katalogi yenyewe itakufa. Kazi ya mwisho ya kila usiku iwe bakapu ya katalogi, na faili lake la bsr litumwe kwenye barua pepe iliyo nje ya seva ile. Faili hilo ni dogo, nalo linaonyesha data iko tepu gani na sehemu gani. Bila hilo unabaki na bscan, inayosoma tepu nzima ili kuijenga katalogi upya. LTO-6 moja iliyojaa ina terabaiti 2.5, hata kwa mwendo kamili ni zaidi ya saa nne kwa tepu moja. Zidisha kwa tepu ulizonazo, na huku bosi amesimama mlangoni.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tukaweka zoezi. Mimi sichagui faili, kwa sababu nitachagua lile ninalojua lipo. Anachagua yule mhasibu, na ananiambia asubuhi hiyohiyo: mwezi fulani, folda fulani. Naandika restore, naingia kwenye folda kwa cd, naweka mark, kisha done, na ninalirudisha mahali pa pembeni, si juu ya lile linalotumika. Yeye ndiye analifungua na kuangalia namba. Mara ya kwanza alichagua Julai. Alikaa karibu nami akiangalia skrini roboti ikihamisha tepu, hakusema kitu, hadi jumla ya chini kabisa ilipotokea akailinganisha na karatasi aliyokuja nayo mkononi. Akaweka alama ya vema kwa kalamu, akaikunja.