Liacheni "Akisi" Lipumzike

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Natafsiri kijitabu cha mafunzo kwa wachunguzi wa jinai. Kuna sura kuhusu unga wa nano, yaani wa chembe ndogo mno, unaoonyesha alama za vidole na wino wa siri unaowekwa kwenye noti. Nimeandika: 'Chembe hizi huakisi mwanga wa urujuanimno, hivyo alama ya kidole huonekana.' Mwenzangu mmoja anataka 'hutoa mionzi'. Mwingine anasema 'hung'aa' yatosha. Lipi sahihi? Tena niandike 'nanochembe', 'chembenano' au 'chembe za nano'?"

Jibu: Marahaba. Swali lako la pili ni dogo, litangoja. La kwanza limenikuta na donge la siku nyingi.

Siku hizi hakuna kisichoakisi. Bajeti inaakisi vipaumbele, matokeo ya mtihani yanaakisi juhudi, vazi la mgeni rasmi linaakisi utamaduni. Hotuba ikimalizika bila kitu kuakisi kingine, mtu hudhani ukurasa mmoja ulidondoka njiani. Huko kwenye hotuba nilikwisha nyosha mikono. Bajeti ikiakisi, hakuna aliyeumia. Lakini kijitabu chako kitasomwa na mtu ambaye kesho atapanda kizimbani kueleza alichokiona na kwa nini alikiona, na wakili wa upande wa pili atakuwa amekisoma pia.

Asili ya "akisi" ni Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kugeuza au kurudisha kinyume. Kioo huakisi, maji yaliyotulia huakisi. Yatosha.

Sasa tuifungue sentensi yako. Kinachoakisi hurudisha kilekile kilichopokelewa. Kimulike kioo kwa mwanga mwekundu, kitakurudishia mwekundu. Urujuanimno, kama jina lake linavyosema, umepita urujuani, na jicho la mwanadamu halimo katika safari hiyo. Taa nyingi za kukagulia noti hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 365, na jicho huanza kuona sawasawa kwenye 400 hivi. Kwa hiyo chembe zako kama zingeuakisi mwanga huo kwa uaminifu wote, mchunguzi angeona nini? Giza lilelile aliloingia nalo. Wewe unamwambia kwamba alama imeonekana kwa sababu imerudisha mwanga usioonekana. Hilo "hivyo" ulilolipachika katikati umelitwisha mzigo usiobebeka.

Chembe hizo hufanya mambo mawili, na Kiswahili kina vitenzi vyote viwili tangu zamani: hufyonza mwanga mmoja, kisha hutoa mwingine. Fikiria mtu anayelipa kwa noti kubwa. Fotoni, yaani punje moja ya mwanga, ikiwa ya urujuanimno ina nishati nyingi, chembe inaipokea, inatoa fotoni ya nishati ndogo zaidi, labda nyekundu, labda ya kijani, na chenji inabaki humohumo ndani kama joto. Kioo hakina chenji. Kilichoingia ndicho kilichotoka.

Wala usidhani uko peke yako katika kosa hili, maana aliyekutangulia ni mtu mkubwa. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, mwanafizikia wa Cambridge, alitawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo ukawa ukanda wa rangi, kisha akausogeza mrija wenye maji ya kwinini kutoka rangi moja hadi nyingine. Kwenye nyekundu, kimya. Kijani, kimya. Alipoupitisha urujuani na kuingia mahali ambapo kwa macho hapakuwa na mwanga wowote, maji yale yakatoa ubuluu. Akatafuta jina, na jina lake la kwanza lilikuwa na hilohilo neno la kuakisi ndani yake. Tofauti yake na nyinyi ni kwamba hakulipenda, na alisema hivyo kwenye tanbihi ya andiko lenyewe. Papo hapo akapendekeza jina jipya kutokana na madini ya fluorspar, ndiyo fluoresensi tunayoiandika leo. Basi tangu 1852 neno hili limekwisha kataliwa na mwenye ugunduzi, na bado kila juma naletewa makala ambamo noti inaakisi.

Tena noti ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu kosa lake lina hasara ya fedha. Hebu shika noti ya euro uiweke chini ya taa ya urujuanimno. Karatasi yenyewe hubaki imefifia, haishughuliki. Kinachojitokeza ni vinyuzi vyembamba vilivyotawanywa ndani yake, kwa rangi, pamoja na sehemu maalumu za mchoro, zikiwemo nyota za bendera. Wanakemia walioupima wekundu wa noti hizo wameeleza kuwa unatokana na europiamu, elementi iliyopewa jina la bara la Ulaya mwaka 1901, karne nzima kabla ya noti hizo kuingia mifukoni mwa watu mwaka 2002. Wenye noti wenyewe hawatangazi mapishi yao, na wana haki.

Kisha chukua karatasi ya kawaida ya ofisini. Imetiwa kemikali ya kuifanya ionekane nyeupe zaidi, na kemikali hiyo hufyonza urujuanimno ikatoa ubuluu mweupe mkali. Noti bandia iliyochapwa kwenye karatasi ya namna hiyo itawaka mwili mzima. Sasa mwandishi anaandika, "Noti halali huakisi mwanga, bandia haiakisi." Keshia aliyefundishwa hivyo ataikumbatia ile inayowaka na kuitilia shaka ile iliyotulia. Hata "hung'aa" ya mwenzako wa pili haiponi hapa isipowekewa mipaka. Sema kinachong'aa ni kipi: vinyuzi vinang'aa, nyota zinang'aa, karatasi haing'ai. Na tafadhali, asije mtu na ile methali ya ving'aavyo na dhahabu. Imechoka kuliko mimi.

Turudi kwenye vidole. Unga ukipitishwa kwa brashi laini juu ya kopo, hushika mafuta na unyevu ulioachwa na ngozi, na mistari ya kidole ikajichora. Shida ni pale kopo lenyewe lina maandishi na picha za rangi saba. Ukilimulika kwa urujuanimno, wino wa maandishi nao hutoa mwanga wake, na mistari ya kidole ikapotea katikati ya fujo hiyo. Ndipo wanasayansi wakaleta unga unaokwenda kinyumenyume. Mmoja unaojulikana sana ni floridi ya sodiamu na itriamu iliyotiwa kiasi kidogo cha iterbiamu na erbiamu. Huu humulikwa kwa infraredi ya nanomita 980, mwanga mwingine usioonekana lakini wa upande wa pili, upande wa nishati ndogo. Chembe hukusanya fotoni mbili dhaifu na kuzichanganya, kisha hutoa moja ya kijani. Wino wa kopo hauna ujuzi huo, kwa hiyo unanyamaza, na mistari ya kidole inabaki peke yake, kijani juu ya weusi.

Haya, niambie hapo kimeakisiwa nini. Viwili vimeingia, kimoja kimetoka, na rangi si ileile.

Bado hujaridhika? Chukua luminoli, ile dawa ya kunyunyizia mahali panaposhukiwa kuwa na damu iliyofutwa. Ikichanganywa na peroksidi ya haidrojeni na kukutana na chuma kilichomo kwenye damu, hutoa ubuluu kwa muda mfupi. Hakuna taa inayohitajika. Mchunguzi huzima taa zote ili aone. Nimewahi kusoma, kwenye makala iliyohaririwa na watu wazima, kwamba "luminoli huakisi damu". Mwanga haukuingia hata mmoja, chumba kina giza totoro, na bado mtu anaakisi! Mwandishi huyohuyo alisahau kusema lililo muhimu, kwamba dawa za kung'arishia nguo zenye klorini nazo huamsha ubuluu huo, na kwamba kwa sababu hiyo luminoli peke yake haithibitishi damu.

Nimfikie mwenzako wa "hutoa mionzi". Kwa kamusi hana kosa. Mionzi ya jua tunaiota kila asubuhi, na mwanga wowote una miale. Ila neno lina masikio ya watu yanayolisikia, na masikio hayo yakisikia "mionzi" ndani ya maabara, yanasikia mitambo ya nyuklia na wodi ya saratani. Mwambie karani kwamba wino wa noti "hutoa mionzi" uone kama ataishika. Palikuwa na wakati neno hilo lilistahili: rangi iliyopakwa kwenye nyuso za saa mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa salfaidi ya zinki iliyotiwa radiamu, na mionzi ya radiamu ndiyo iliyoiwasha usiku kucha. Wasichana waliokuwa wakiipaka viwandani huko Marekani, wakichongoa brashi kwa midomo, walilipa kwa mifupa ya taya zao. Hiyo ndiyo mionzi. Wacha neno likae na ukali wake, usilipunguze makali kwa kulibandika kwenye wino ambao kazi yake ni kutoa mwekundu kidogo.

Kwa hiyo: "Chembe hizi hufyonza mwanga wa urujuanimno na kutoa mwanga unaoonekana, na alama ya kidole hung'aa." Mwanzo umeeleza kinachotokea, mwisho umeeleza kinachoonwa. Baada ya hapo, katika sura nzima, tumia "hung'aa" bila wasiwasi. "Kumulika" iachie taa, noti haimmuliki mtu. Mahali ambapo wataalamu wanatofautisha, tofautisha nawe: kinachozimika papo hapo taa ikizimwa ni fluoresensi, kinachoendelea kung'aa baadaye ni fosforesensi, na ukiandika "kung'aa gizani" kwa vyote viwili umewachanganya wanaosoma. Tena usiandike "chembe nyekundu" ukimaanisha zinazotoa mwanga mwekundu. Ule unga wa erbiamu ukiutazama mchana ni mweupe tu. Na kwa vitone vya kwanta, chembe ndogo mno zinazotoa mwanga, vilivyowapa Bawendi, Brus na Ekimov Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, rangi ya mwanga hutegemea ukubwa: vya selenidi ya kadimiamu vyenye nanomita 2 hivi hutoa buluu, vyenye 6 hivi hutoa nyekundu, na kemia ni ileile.

Lile swali dogo la jina sasa. Utakutana pia na "nyenzo nano" kwa maana ya vitu vya ukubwa wa nano, ingawa nyenzo kwa asili ni kitu cha kusukumia kingine. Nimepigana vita hivyo, nimeshindwa, iandike. "Chembe za nano" haina dosari. "Chembenano" ni nzuri na fupi, mradi ukiianza uimalize nayo. "Nanomita" isikudanganye, hiyo ni kipimo na iliingia nzima na ukoo wake, pamoja na kilomita. Katika kuunda maneno yetu wenyewe, kinachotajwa hutangulia na kinachokifafanua hufuata. Mhariri akikubadilishia kuwa "nanochembe", muulize ni lini aliandika "mzingabata".